Amana ya Mtoto Safarini



Mama mmoja wa Mombasa, ambaye mwanawe anasoma katika shule ya bweni hapa Kakamega, alinipigia simu akaniambia: “Mwalimu, nimeletewa karatasi niitie sahihi. Watoto wapelekwa Uganda, walale siku tatu. Nitie sahihi au nisitie?”

Nikamuuliza: “Mama, ni nani watakaofuatana nao?” Akasema: “Walimu.” Nikamuuliza: “Walimu gani, na wangapi?” Akanyamaza. Nikamuuliza tena: “Na usiku, mwanao akiugua, atagonga mlango wa nani?” Akasema: “Hayo hayakuandikwa katika karatasi.”

Suala hili si la mama huyo peke yake. Watu wengi wa pwani leo wana watoto katika shule za bara, na shule hizo huwachukua watoto nje ya nchi kwa masomo au kwa michezo. Mzazi yuko mbali, karatasi huja kwa simu, sahihi hutiwa kwa kidole, na mambo huonekana yamekwisha. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kulifanya jambo hili somo la darasa yetu, ili mzazi ajue la kuuliza, na mwenye kufuatana na watoto ajue alilobeba.

MAFUNZO YA NABII YAAKUB

Katika Sura ya Yusuf tumesimuliwa safari mbili za watoto, na baba yao ni mmoja. Tuzitazame moja baada ya moja.

Safari ya kwanza ilikuwa ya matembezi. Ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao awape nduguye wende naye kesho akacheze na kufurahi, nao wakaahidi kuwa watamhifadhi. Baba aliingiwa na huzuni, akaitaja khatari aliyoiogopa, nayo ni mbwa mwitu, na akataja sababu ambayo khatari hiyo ingepitia, nayo ni kughafilika kwao. Walimjibu kwa wingi wao: sisi ni kundi, vipi ataliwa na mbwa mwitu nasi tupo? Akawapa, na yakawa yaliyokuwa.

Safari ya pili ilikuwa ya kwenda Misri, nchi ya kigeni, kutafuta chakula. Safari hii Yaakub hakukubali kumtoa mwanawe mdogo kwa maneno matupu. Aliwataka wampe ahadi nzito mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba watamrudisha, ila wakizungukwa na jambo wasiloliweza. Kisha aliwapa shauri la njiani, wasiingie kwa mlango mmoja bali waingie kwa milango mbali mbali. Na juu ya hayo yote akasema kuwa tegemeo lake ni kwa Mungu.

Mambo matatu twayapata hapa. La kwanza, wingi wa watu si ulinzi. Kundi la watu kumi walioghafilika ni sawa na mtu mmoja aliyeghafilika, na pengine ni baya zaidi, kwani kila mmoja humtegemea mwenziwe. La pili, mzazi ana haki ya kutaka ahadi kabla ya kutoa mtoto, na kuitaka si dhana mbaya. La tatu, kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kupanga. Yaakub alipanga kwanza, kisha akategemea. Nasi wengi wetu hutegemea kabla ya kupanga, tukaita uvivu wetu kwa jina la tawakkul.

SAFARI ZA LEO

Kakamega si mbali na mpaka. Njia hupita Mumias, ikafika Busia, na huko ndiko waingiako Uganda. Mji wa Mumias wazee wetu wa pwani waliujua tangu kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipumzika hapo na kununua chakula kabla ya kuendelea Buganda, na kwa njia hiyo Uislamu uliingia kwa Wawanga katika zama za Nabongo Mumia. Na misafara ile ilikuwa na taratibu yake. Kirangozi alikwenda mbele kuonyesha njia, na wanyapara walikuwa nyuma, ili mgonjwa au aliyechoka asiachwe porini. Hapana msafara uliokuwa na mbele bila ya nyuma.

Leo watoto wetu wapita njia ile ile kwa basi la manjano. Wako waendao Jinja kutazama mto Nile unapotoka katika ziwa, na bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954. Wako waendao Kampala kuona majumba ya taarikh na misikiti mikubwa iliyo juu ya vilima. Na wako waendao kwa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo hufanywa kila mwaka kwa zamu. Ilikuwa Arusha mwaka 2022, Huye katika Rwanda mwaka 2023, Uganda mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaja hapa hapa Kakamega. Safari ya Jinja ni ya mchana mmoja. Safari ya Rwanda kwa basi hulaza watoto njiani.

Hatusemi safari hizi ni mbaya. Mtoto aliyeona mto kwa macho yake hausahau, na aliyelala kwa wageni hujifunza adabu ambayo haimo vitabuni. Dini yetu imetuhimiza kutembea katika ardhi tukatazame. Tusemalo ni kwamba kila kheri ya safari yategemea watu wawili watatu waliofuatana na watoto, na watu hao mara nyingi huchaguliwa mwisho kabisa, baada ya basi, baada ya chakula, na baada ya fulana za safari.

HESABU ILIKUWA SAWASAWA

Nitasema jambo lililonipata mwenyewe, wala simlaumu mtu isipokuwa nafsi yangu.

Miaka iliyopita nilifuatana na wanafunzi 38 kutoka shule moja ya upande huu kwenda Jinja. Tulikuwa walezi wanne. Tulihesabu watoto pale Kakamega walipopanda, tukahesabu Busia, tukahesabu tulipofika, na usiku kabla ya kulala tukahesabu tena. Walikuwa 38. Tukashukuru, tukaagana, kila mmoja wetu akaingia chumbani mwake akafunga mlango.

Nilipotoka alfajiri kutafuta maji ya udhu nilimkuta kijana wa miaka 13 ameketi juu ya ngazi, mikono imeshika magoti, anavuta pumzi kwa shida, na kifua chalia kama filimbi. Alikuwa na maradhi ya pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa katika mkoba mkubwa, mkoba ulikuwa ndani ya basi, basi lilikuwa limefungwa, na dereva alikuwa amekwenda kulala mjini na ufunguo wake. Nikamuuliza: “Umekaa hapa tangu lini?” Akanionyesha kwa vidole kuwa tangu saa nane. Nikamuuliza: “Mbona hukuniamsha?” Akajibu kwa maneno mafupi mafupi: “Sikujua ni mlango gani.”

Dereva alipatikana kwa simu, dawa ikaja, na mtoto akapona kwa rehema za Mungu. Lakini maneno yale hayakunitoka mpaka leo. Saa nne nzima mtoto wa watu alikuwa akipigania pumzi, na sisi wanne tumelala hatua chache kutoka kwake. Hesabu yetu ilikuwa sawasawa. Hapana mtoto aliyepotea. Lakini amana ilikuwa imepotea tangu tulipofunga milango.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kuhesabu si kulinda. Mizigo nayo huhesabiwa. Mlezi wa safari hakuwekwa ili ajue watoto ni wangapi tu, bali awekwe ili kila mtoto ajue, saa yoyote ya mchana na usiku, ni nani wa kumwendea na yuko wapi.

KABLA YA KUONDOKA

Mtume wetu amefundisha kuwa watu watatu wakiwa safarini wamweke mmoja wao awe amiri. Basi jambo la mwanzo ni kujulikana ni nani amiri wa safari. Walezi wakiwa wanne na wote ni sawa, basi hapana mlezi. Na kila mlezi apewe watoto wake kwa majina, na kumi kwa mtu mmoja ni wengi wa kutosha. Tena watoto waambiwe mbele ya wazazi: huyu ndiye wenu.

Pili, maradhi yajulikane. Mzazi asione haya kuandika kuwa mwanawe ana pumu, au kifafa, au hukojoa kitandani, au kuna chakula kimdhurucho. Kuficha ni kumdhulumu mtoto na mlezi wote wawili. Na dawa ya kuokoa roho haiwekwi katika mkoba mkubwa. Hukaa mwilini mwa mtoto, na ya pili hukaa mkononi mwa mlezi.

Tatu, karatasi za mpakani. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa, kwa hivyo shule na iulize ofisi ya uhamiaji mapema ni hati gani zitakiwazo pamoja na idhini ya mzazi, isingoje siku ya safari. Sindano ya homa ya manjano huhisabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, basi aliyechomwa jana hakuchomwa kwa ajili ya safari ya leo. Cheti chake hufaa maisha, na kihifadhiwe.

Nne, mahali pa kulala pajulikane na pakaguliwe. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto ndani ya bweni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Septemba 2024 walikufa watoto 21 katika bweni la shule ya Endarasha, Nyeri. Na hapa Kakamega, tarehe 3 Februari 2020, zaidi ya watoto 10 walikufa katika shule ya msingi kwa kukanyagana ngazini wakati wa kutoka. Hayo yalitokea katika shule zao wenyewe, mahali wapajuapo. Itakuwaje basi katika nyumba ya wageni, nchi ya wageni, gizani? Mlezi afikapo asikimbilie chumba chake. Azunguke kwanza, afungue kila mlango, atazame ngazi, ajue ufunguo uko kwa nani, kisha awapitishe watoto njia ya kutokea kungali mchana.

NJIANI NA MPAKANI

Yafuatwe yale ya misafara ya wazee wetu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa nyuma ndiye mwenye kazi kubwa. Mtoto hupotea akiwa wa mwisho, hasa chooni na sokoni.

Pale Busia, tangu mwaka 2018, msafiri humaliza mambo ya nchi mbili katika jengo moja. Jambo hili limepunguza taabu, lakini lina khatari yake: watoto hushuka, hupiga safu, hupanda tena katika basi lililosogea, katikati ya malori na wauzaji na wabadilishaji fedha. Basi wahesabiwe kwa majina wakishuka, na kwa majina wakipanda. Asiyeitika kwa mdomo wake asihisabiwe, na mwenziwe asimwitikie.

Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina la shule, mahali wanapolala, na nambari mbili za simu zinazofanya kazi katika nchi ile. Na walezi wajue kuwa polisi huitwa kwa nambari 999 au 112, Kenya na Uganda pia.

Basi lisiende usiku. Wizara ya Elimu imekataza safari za usiku kwa mabasi ya shule mara nyingi, na mara nyingi imeasiwa ili kuokoa gharama ya kulala. Mlezi akiambiwa, “Tuendelee tu, tutafika saa sita,” aseme hapana, hata akichekwa.

Ama sala, safari ya masafa haya ina ruhusa zake za kupunguza na kukusanya, na mlezi Mwislamu awafundishe watoto ruhusa hizo kabla ya safari, wasije wakaacha sala kwa kuona haya mbele ya wenzao wala wakawataabisha wenzao kwa kulisimamisha basi pasipo na haja. Na ikiwa walezi si Waislamu, mzazi aseme kwa upole na mapema khabari za sala na chakula. Nimeona walimu Wakristo wa hapa Kakamega wakiwaamsha watoto wetu kwa sala ya alfajiri kwa sababu tu waliombwa. Asiyeomba asilaumu.

USIKU

Usiku ndio mtihani wa mlezi. Mchana kila mtu ni mlezi. Watoto wachangamfu, picha zapigwa. Usiku uingiapo ndipo ajulikanapo aliyechukua amana na aliyechukua matembezi ya bure.

Kwanza, walezi wagawane zamu, na mwenye zamu awe macho, ameketi mahali panapoonekana, na taa inawaka. Mtoto asihitaji kubahatisha mlango.

Pili, hapana binti apelekwe bila ya mwanamke mzima wa kufuatana naye na kulala karibu naye, na mabweni ya wavulana na wasichana yatengwe mbali. Ama hukumu ya safari ya binti bila ya maharimu wake, wanazuoni wameyaeleza masharti yake, na mzazi amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia sahihi, si baada ya basi kuondoka.

Tatu, hapana mtu mzima alalaye chumba kimoja na mtoto wa watu, wala aketiye naye peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Na hili si kwa dereva wala kwa mgeni tu. Ni kwa mwalimu, na kwa ustadhi, na kwa sheikh mwenye ndevu nyeupe. Twajua kuna watakaochukizwa na maneno haya, waseme kuwa twawavunjia watu heshima. Twawajibu kuwa sharia yetu imekataza faragha ya namna hiyo baina ya mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu, wala haikumtoa mcha Mungu katika katazo hilo. Basi mtoto mdogo asiyeweza kujitetea ana haki zaidi ya kukingwa. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya uchafu imewataja khasa wale wafanyao uovu huo kwa nguvu ya madaraka yao, na walimu ni miongoni mwao. Mtu mwema hapotezi kitu kwa mlango kuwa wazi. Anayechukizwa na mlango wazi ndiye wa kutazamwa.

Nne, mtoto aambiwe kabla ya safari, kwa maneno wazi, kuwa ana ruhusa ya kumwamsha mlezi kwa jambo lolote, hata kwa woga wa kiza tu, wala hatakaripiwa. Sisi watu wa pwani twawafundisha watoto heshima na kutosumbua wakubwa, na hiyo ni tabia njema. Lakini yule kijana wangu wa ngazini alikaa saa nne kwa sababu ya heshima hiyo hiyo. Heshima isiyo na mlango wa kugonga humwua mtoto.

KURUDISHA AMANA

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Basi safari haimaliziki basi lirudipo katika uwanja wa shule. Humalizika kila mtoto atakapokabidhiwa mkononi mwa mwenye haki naye, na mzazi aliye mbali akapigiwa simu akaambiwa: “Mwanao amerudi salama, na lililompata njiani ni hili.” Jambo lisifichwe. Nami usiku ule wa Jinja niliuficha siku mbili, nikisema moyoni kuwa mtoto amepona, ya nini kumtia mama yake hofu? Kisha nikampigia. Alilia, akanishukuru, akasema: “Mwalimu, sasa nimejua kuwa dawa aichukue mwenyewe.” Kumbe nilipokuwa nikinyamaza nilikuwa nikimnyima mama elimu ya kumlinda mwanawe.

Ama yule mama wa kwanza, hakutia sahihi siku ile. Aliiandikia shule masuala manne: ni nani amiri wa safari, mwanangu yu chini ya nani kwa jina, watalala wapi, na usiku atagonga mlango wa nani. Mwalimu Mkuu hakukasirika. Alimjibu yote, na katika kujibu aliona kuwa hapakuwa na zamu ya usiku, akaipanga, akaongeza mlezi mmoja. Mama akatia sahihi. Kwa masuala ya mama mmoja, watoto wote wa basi lile walipata mlinzi.

MASUALA YA KUZUNGUMZWA DARASANI

1. Ni jambo gani alilofanya Nabii Yaakub katika safari ya pili ambalo hakulifanya katika safari ya kwanza?

2. Mzazi aliyetia sahihi bila ya kuuliza, mtoto akapatwa na jambo, je, lawama yote ni ya mlezi?

3. Madrasa zetu nazo huwachukua watoto ziara za kulala, Lamu na Zanzibar. Je, masharti tunayoyataka kwa shule za serikali tumeyatimiza sisi wenyewe?

Suala la tatu lizungumzwe kwa kirefu, na kila mwenye madrasa ajijibu nafsi yake kabla ya kuwajibu watu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendako na warudiko, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.